Kulala Mzungu wa Nne

Jioni hiyo Jeremy alikuwa ametoka kununua mayai. Mayai manne, nyanya mbili na kitunguu kimoja, vyote ndani ya mfuko wa karatasi aliopewa na mama mboga wa pale Uthiru. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Taa za barabara kuu ya Waiyaki Way zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja, na yeye alipanda kuelekea bwenini kwa haraka, kwa sababu Kitavi alikuwa anamsubiri apike.

Karibu na ngazi, wanafunzi saba wanane walikuwa wamesongamana mbele ya ubao wa matangazo. Hakuna aliyekuwa akicheka. Jeremy akachungulia juu ya mabega yao.

UKAGUZI WA VYUMBA. ALHAMISI.

Yaliyofuata aliyasoma mara mbili. Kila kitanda ni cha mwanafunzi mmoja, yule ambaye jina lake limo kwenye orodha. Atakayepatikana akimlaza mtu mwingine atanyang'anywa chumba siku hiyo hiyo, na faili lake litapelekwa ofisi kuu likachunguzwe upya.

Faili. Neno hilo alilisoma mara ya tatu.

Kwao Jeremy ni Wangige. Kutoka mlangoni kwa mama yake hadi lango la chuo ni dakika arobaini, magari yakiwa mengi. Mtu wa karibu namna hiyo hapewi kitanda mpaka wale wa mbali wapate kwanza, ndiyo kanuni. Kwa hivyo siku ya kuomba chumba, Jeremy alijaza kwamba kwao ni Maralal, mbali kule kaskazini, kwa mjomba ambaye hajawahi hata kumtembelea. Mtandao ukamkubalia. Chumba 309, kitanda cha pili.

Kitavi alitoka Mutomo, mbali kule Kitui kusini. Aliomba chumba kwa simu ya kuazima, mtandao ukakatika katikati, na aliporudi vitanda vilikuwa vimeisha. Wiki ya kwanza alikuwa anaingia darasani na begi lake lote, analiweka miguuni, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuliacha. Jeremy alikuwa ameketi nyuma yake. Alilitazama begi hilo siku tatu. Siku ya nne akashindwa.

"Si ukuje tulale kwangu," alimwambia. "Kitanda ni kadogo lakini tutatoshea."

Chuoni mtu kama Kitavi huitwa pirate. Anaoga, anakula, anasoma, lakini hayumo kwenye orodha.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha chuma, chembamba. Walilala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Kitanda kile kingine kilikuwa cha Taib, kijana wa Mombasa asiye na maneno mengi, ambaye kila jioni alitoka kwenda kuswali Magharibi na hakurudi mpaka baada ya Isha.

Miezi miwili wakaishi vizuri. Kitavi alikuwa msafi, mpishi mzuri, mwepesi wa kucheka. Tabia yake ya ajabu ilikuwa moja tu. Giza likianza kuingia, hatoki chumbani, hata aitwe na nani. Anawasha taa, anaketi ukingoni mwa kitanda, uso kwa mlango, na kuanza kuongea. Taratibu, kama mtu anayezungumza na mama yake kwenye simu. Lakini simu haikuwapo mkononi. Jeremy akimuuliza, anacheka.

"Narudia notes kwa sauti, bana. Ndio zishike."

Jioni hiyo ya mayai alimkuta hivyo hivyo. Kitavi alinyamaza, akainuka, akachomeka lile jiko la koili ambalo nalo lilikuwa limekatazwa.

"Kuna nini huko chini? Nimesikia watu wengi."

Jeremy akaweka mayai mezani. "Hakuna. Ni mambo ya mpira."

Wakala. Mayai yalikuwa matamu, na Jeremy alikula akitazama sahani. Angemwambia tu. Kitavi angefunga begi lake asubuhi bila neno. Lakini kumwambia kungetaka amtazame usoni, na tangu siku ile ya begi Jeremy hakuwa anaweza kumtazama Kitavi usoni kwa muda mrefu. Tena bweni zima lilijua. Hata Kitavi akiondoka leo, itaulizwa ni nani alimlaza miezi miwili, na faili litafunguliwa, na Maralal itasomwa.

Ilibidi kosa liwe la mtu mwingine.

*

Bwana Wachira alikuwa msimamizi wa bweni hilo tangu kabla Jeremy hajazaliwa. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chini ya ngazi, ukuta mmoja umejaa misumari na funguo. Jeremy aliingia asubuhi, akasimama.

"Kuna mtu analala kwangu, mzee. Hakuingia kwa kupenda kwangu. Namwogopa."

"Unamwogopa kwa nini?"

"Anatoka Kitui."

Kitui husifika kwa uchawi, na hilo kila mtu amelisikia. Aliliacha neno likae pale mezani lifanye kazi yake. Mzee akaweka kalamu chini.

"Watu wa Kitui ni wengi kwa hii chuo, kijana, na wanalala vizuri. Niambie kitu umeona na macho yako."

Jeremy akaanza na la kweli: kwamba jioni Kitavi hukaa akitazama mlango, akiongea na mtu asiyeonekana. Mzee akawa anangoja zaidi. Ndipo Jeremy akaanza kuzua. Maneno yalikuja yenyewe, moja likivuta jingine.

"Halafu kuna harufu. Kama godoro limelowa likafungiwa ndani. Na giza likiingia… kuna mtu mwingine kwa kitanda. Si Kitavi. Kitavi nakuwa namwona amekaa. Lakini nasikia miguu hapa, kando ya uso. Baridi."

Wachira hakusogea.

"Miguu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Umesema ni chumba gani?"

"Mia tatu na tisa."

Mzee akageuka akatazama ukuta wa funguo. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Jeremy akadhani amesahauliwa. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi, akaisukuma mbele bila kumtazama.

"Andika. Weka sahihi."

Jeremy akaandika, akaweka sahihi. Alitoka akishangaa jinsi alivyoaminiwa upesi.

*

Alhamisi walikuja jua likizama, Wachira na askari wawili wa chuo. Habari ilikuwa imeshatangulia. Korido ilijaa watu na simu zao juu juu, wanarekodi. Kitavi alikuwa ameketi mahali pake, taa inawaka.

Askari mmoja alimwaga begi lake sakafuni. Mashati mawili. Biblia ya Kikamba. Viatu vya mpira. Na chupa ya soda ya lita mbili, imejaa kitu kizito, cheusi, mdomo umefungwa kwa kitambaa.

"Hii ni nini?"

"Asali," Kitavi alisema. "Ni ya mama. Ana mizinga."

"Usiguse!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Hiyo ndio dawa yake!"

"Mchawi! Mtoe!"

Jeremy alikuwa amesimama ukutani. Asali hiyo alikuwa ameila kila asubuhi kwa mkate, miezi miwili. Ilibaki aseme maneno mawili tu. Ni asali. Alifungua mdomo akaufunga. Askari akaibeba chupa kwa kitambaa, mbali na mwili wake, akaenda kuimwaga chooni, na watu wakampisha kama amebeba moto.

Kitavi akakusanya mashati yake. Alipofika mbele ya Jeremy akasimama.

"Jere. Ni wewe uliandika?"

Jeremy alitazama sakafu. "Mimi nilisema tu venye nimeona."

Kisha Kitavi akaongea kwa sauti ya chini sana, karibu na sikio lake.

"Sawa. Lakini saa kama hii usikae hapa peke yako. Washa taa. Na uongee. Chochote tu. Usinyamaze."

Waliokuwa karibu wakasikia, wakarudi nyuma. "Anamtishia! Mmesikia? Anamlaani!"

Wakamsindikiza mpaka langoni kwa kelele.

Taib aliporudi kutoka msikitini alikuta watu bado wanasimulia. Aliingia chumbani, akatazama sakafu, akamtazama Jeremy.

"Wamekuta nini?"

"Vitu."

"Vitu gani, Jeremy? Ile asali?"

Jeremy akainama akatandika shuka. Taib hakuuliza tena. Tangu siku hiyo alikula peke yake.

*

Wiki tatu zikapita, na saa ya magharibi Jeremy hakuwahi kuwa chumbani.

Jumanne moja Jeremy alitoka maabara amechoka hoi. Akajitupa kitandani na viatu vyake, akasema atafumba macho dakika kumi tu.

Alipozinduka, chumba kilikuwa cha kijivu. Ile saa ambayo si mchana na si usiku. Taib alikuwa ameshaondoka. Huko chini sahani zilikuwa zinagongana, watu wote wako kwenye chakula. Korido ilikuwa kimya.

Shavuni alihisi ubaridi. Miguu. Kwa miezi miwili alikuwa ameizoea, na akili ikiwa bado usingizini alisema:

"Kita, songa kidogo."

Ikasonga.

Chuma cha kitanda kikalia. Godoro likabonyea upande wa mlango. Jeremy akaguna, akavuta blanketi, akafumba macho tena.

Halafu akakumbuka.

Kitavi hayuko.

Hakuthubutu kugeuza kichwa. Miguu ilikuwa pale pale, nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi, karibu na pua yake. Na harufu… harufu ikaanza kumfikia polepole. Godoro lililolowa. Limefungiwa ndani.

Harufu aliyoizua yeye mwenyewe ofisini kwa Wachira.

Alijaribu kupumua bila kutoa sauti. Kule upande wa miguu yake, mahali Kitavi alipokuwa akiweka kichwa, kitu kilimeza mate. Kikameza tena. Kama koo limekauka kabisa.

"Ameenda?"

Ilikuwa sauti ndogo, ya mnong'ono.

Jeremy hakujibu.

"Yule wa kuongea… ameenda?"

Na kidole kimoja, baridi, kikamgusa kifundo cha mguu juu ya soksi.

Hakumbuki alivyotoka. Taib alimkuta saa mbili kwenye ngazi za ghorofa ya chini, anatetemeka, kiatu kimoja hakipo. Taib akavua koti lake akamfunika.

"Umeona nini?"

"Hakuna."

"Jeremy. Uliyomwambia Wachira, ulikuwa umeyaona?"

Jeremy alificha uso kwenye magoti. Taib akakaa kando yake.

"Kitavi yuko mtaa wa Satellite, kwa shangazi yake Emmah. Ana duka la maji pale, karibu na soko. Mimi ndiye niliyembebea begi siku ile, nilimkuta huko nje langoni. Nenda ukamwone."

Hakwenda. Siku nne alijaribu kukwepa saa ile, akizurura Uthiru mpaka usiku uingie sawasawa. Haikusaidia. Kila aliporudi alikuta shuka limekunjamana, limelaliwa, na mahali pa kichwa pana unyevu. Siku ya tano, mchana, alishika Naivasha Road kwa miguu.

*

Duka lilikuwa dogo, limejaa mitungi ya bluu. Kitavi alikuwa ameinama anajaza maji kwa mpira. Alimwona Jeremy, akaendelea kujaza.

"Umekonda," alisema.

"Kita…"

"Kaa hapo. Kuna stuli."

Jeremy akaketi. Kitavi alifunga mtungi, akapangusa mikono.

"Imelala na wewe?"

Jeremy akatikisa kichwa kukubali. Machozi yakamtoka, akayafuta haraka.

"Niliisikia wiki ya kwanza," Kitavi alisema. "Saa ya magharibi. Inakuja mlangoni, inasimama. Ukiwa umenyamaza, inaingia inalala. Ukiiongelesha inabaki hapo kwa mlango, inasikiza. Nikakuwa nakaa naiongelesha. Mambo ya nyumbani tu. Mbuzi, mvua imekataa, mamangu na nyuki zake. Giza ikishashika inaenda."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wewe ulikuwa unakula, unasoma. Hukuona kitu."

"Mbona hukuniambia?"

Kitavi alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Ningekuambia ungesema mimi ni mchawi."

Nje mtu aliita, anataka lita ishirini. Kitavi akambebea mtungi mpaka kwenye pikipiki, akarudi. Sasa sauti yake ilikuwa nyingine.

"Ile video ilifika nyumbani, Jere. Iko kwa group ya kanisa. Mamangu akienda sokoni, pale ameketi watu wanaamka wanaondoka. Asali yake hakuna mtu ananunua. Na mimi chuo imesema nikae nje mpaka kamati iite, juu ya statement iko kwa faili yangu. Yako."

"Nisamehe."

"Sijui kama naweza. Sitaki kukudanganya." Alivuta mtungi mwingine. "Lakini nataka kitu moja. Enda kwa Wachira uandike ya kwamba ulidanganya. Uliweza kuandika ya kwanza, andika ya pili. Ni hiyo tu."

"Nitaandika. Leo leo."

"Sawa," Kitavi alisema, na akainama kwenye mpira wake wa maji.

*

Wachira alikuwa anafunga ofisi. Jeremy alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni: asali, Maralal, uongo wote. Halafu miguu. Mzee akarudi akaketi, akamwonyesha kiti.

"Ulipokuja mara ya kwanza," alisema, "nilijua unadanganya juu ya yule kijana. Nimesikiza uongo wa wanafunzi miaka mingi. Lakini uliposema miguu…"

Akapangusa meza kwa kiganja.

"Kulikuwa na kijana mwingine kwa hicho chumba. Zamani, kabla ya hizi kompyuta. Hakuwa kwa orodha. Alikuwa amewekwa na rafiki yake, kama nyinyi, wanalala kichwa kwa miguu. Chuo ikafungwa ghafla, watu wakaambiwa ndani ya saa mbili wawe wametoka. Tukasimama chini hapo tukaita majina. Kila mtu aliitwa, akajibu, akaenda. Mimi nikapanda nikafunga vyumba. Kufuli za nje."

Jeremy akatazama misumari yenye funguo ukutani.

"Jina lake halikuitwa," Wachira alisema. "Halikuwa hapo. Alikuwa mgonjwa, amelala, blanketi mpaka kichwani. Nilimwuliza mwenye kitanda kama chumba ni tupu. Akasema ni tupu. Aliogopa kunyang'anywa chumba. Mimi sikufungua kuangalia. Nilikuwa na haraka."

"Halafu?"

"Halafu tukafungua Septemba."

Mzee alitazama mikono yake juu ya meza. Huko korido mtu alipita akiimba.

"Mbona hawafungi hicho chumba, mzee?"

"Niwaambie nini? Nitaanza wapi?" Alivuta droo, akatoa karatasi mbili, akaziweka kando kwa kando. "Hii ya kwanza ni ya kuondoa malalamiko. Ukiandika, Kitavi anarudi. Lakini faili yako itaenda juu na mambo ya Maralal, na sijui watakufanya nini. Pengine watakufukuza. Hii ya pili ni ya kuhama. Unasema unarudi nyumbani, unarudisha ufunguo, mambo yanaisha. Mimi sikuambii uchukue gani. Mimi si mtu wa kukuambia."

Jeremy alishika kalamu. Alimwona mama yake, Virginia, na jinsi alivyowaambia watu wa Wangige kwamba kijana wake atakuwa mhandisi. Alimwona Kitavi ameinama kwenye mitungi. Aliisogeza karatasi ya kwanza mbele yake, akaandika jina lake na namba yake ya chuo. Kalamu ikasimama.

"Hii nitaijaza vizuri nikiwa nimetulia," alisema. "Nitakuletea kesho."

Akaikunja akaiweka mfukoni. Akaijaza ya pili yote mpaka chini. Sababu ya kuhama: mambo ya nyumbani. Kasoro za chumba, godoro, kiti, taa, dirisha: hakuna. Jambo lingine ambalo atakayefuata anapaswa kujua.

Hapo kalamu ilikaa muda mrefu. Wachira alikuwa anatazama pembeni.

Hakuna, Jeremy akaandika.

*

Kitanda hakikukaa tupu hata siku mbili. Jumamosi, Jeremy akiwa anabeba mzigo wake wa mwisho, alimkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mlangoni, mwembamba, jina lake Shem, pamoja na mama yake. Mama alijitambulisha kwa jina la Annah. Walikuwa wametoka Taveta usiku kucha, na miguu yake ilikuwa imevimba kwenye viatu.

"Wewe ndiye uliyetuachia nafasi?" alimuuliza Jeremy. "Mungu akubariki, mwanangu. Tulikuwa tumeshakata tamaa. Huyu angelala wapi hapa Nairobi?"

Alimshika mikono yote miwili, akafumba macho, akamwombea pale pale koridoni. Maombi marefu. Masomo yake, afya yake, wazazi wake. Juu ya bega la mama yule, Jeremy alimwona Shem ameingia, amejilaza kitandani akijaribu godoro, akiitabasamia dari.

Taib alikuwa ameketi kwenye kitanda chake. Alimtazama Jeremy tu, akingoja.

"Amina," Jeremy alisema. Annah akamwomba namba ya simu, ikiwa kijana atahitaji mtu wa kumwelekeza. Jeremy akampa, akabeba ndoo yake na blanketi lake, akashuka ngazi bila kugeuka.

Kesho ikawa keshokutwa. Karatasi ya Kitavi ilikaa begini, kisha kwenye kitabu, kisha chini ya nguo. Kila asubuhi alisema leo. Naivasha Road hakupita tena. Hata akiwa garini, wakifika pale penye kona ya kuelekea Satellite, aligeuza uso upande mwingine.

Wiki ya tatu, jioni, akiwa jikoni kwa mama yake Wangige akimenya viazi, simu ililia.

"Jeremy? Ni mama Shem. Hujambo, mwanangu? Samahani kukusumbua, ni jambo dogo tu."

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shem amenipigia, anasema nikuulize. Eti hicho kitanda, mlikuwa mnalala wangapi?"

Kisu kikasimama juu ya kiazi. Nje giza lilikuwa linaingia. Mama yake Jeremy alikuwa anapuliza makaa, anamtazama.

"Peke yangu," Jeremy alisema. "Nilikuwa nalala peke yangu, mama."

Annah akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilimwambia! Nilimwambia ni ugeni tu. Siku hizi eti jioni anakaa na taa, anajiongelesha kama mgonjwa, hata chakula haendi kula. Nimemwambia aache hayo. Leo nitampigia nimwambie azime taa, anyamaze, alale."

Jeremy alifungua mdomo.

Alisikia maji yakichemka. Alisikia pumzi ya mama yule huko Taveta, akingoja tu kuagwa.

"Sawa, mama," alisema.